Wei Yu, mhandisi aliyeshuka hadi darasa la watoto

Kwetu Tanzania ukitaja mhandisi wa Kichina, mtu anawaza reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka uliofuata. Baada ya hapo zikaja barabara, madaraja na viwanja vya mpira. Mhandisi ninayetaka kumwandika leo hakujenga hata kimoja katika hivyo. Alisomea elektroniki, akawa mkuu wa chuo kikuu, kisha akawa mmoja wa manaibu waziri wa elimu katika nchi iliyokuwa wakati huo na wanafunzi wa shule za msingi zaidi ya milioni 120. Alipofika huko juu, akaanza kushughulikia watoto wa miaka sita na saba, na glopu zao, na vibakuli vyao vya maji.

Anaitwa Wei Yu. Kwa desturi ya Kichina jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo ni Profesa Wei.

Mimi ni mwalimu wa Sayansi na Teknolojia katika shule ya msingi, na habari zake nimezisoma kwa jicho la mwalimu. Wanaosoma maisha ya wakubwa serikalini mara nyingi huangalia cheo: alianza hapa, akapanda pale, akaishia pale. Mimi kilichonivuta kwake ni kwamba cheo kilipanda huku akili yake ikiteremka, kwa maana nzuri kabisa ya neno hilo: kutoka chuo kikuu hadi sekondari, kutoka sekondari hadi msingi, hadi akamfikia mtoto anayeuliza kwa nini barafu inayeyuka. Kwenye elimu heshima huwa inafuata njia iliyo kinyume. Mwalimu wa chekechea analipwa kidogo na kusikilizwa kidogo. Profesa anapewa kiti cha mbele. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kukalia kiti cha mbele akiinuka mwenyewe na kwenda kukaa na watoto, nataka kujua alikuwa anafikiria nini.

Alizaliwa mwaka 1940, na kwao ni Guilin, mkoa wa Guangxi, kusini mwa China, kule kwenye vilima vya mawe ya chokaa vinavyochomoza kando ya mto Li. Kabila lake ni Wazhuang, kabila kubwa kuliko yote miongoni mwa yale ambayo China inayaita makabila madogo. Mwaka 1961 alihitimu fani ya redio katika Chuo cha Uhandisi cha Nanjing. Chuo hicho kilizaliwa mwaka 1952, serikali mpya ilipovigawa vyuo vikuu vya zamani kwa mfano wa Kisovieti, uhandisi ukawekwa peke yake na ualimu peke yake. Mwaka 1965 akamaliza masomo ya uzamili, akabaki hapo hapo kufundisha.

Mwaka uliofuata yakaanza Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong. Mtihani wa kuingia vyuo vikuu ukafutwa, na haukurudi hadi Desemba 1977, ambapo vijana milioni 5.7 waliufanya wakigombea nafasi 273,000 tu. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo ulipokuwa ujana wa kitaaluma wa Wei Yu. Alikuwa na miaka 26 wakati mlango unafungwa, na 37 ulipofunguliwa. Mtu yeyote aliyefanya utafiti anajua kwamba huo ndio umri wa kuzaa matunda. Kizazi chake kizima kilikatwa hapo katikati, na wengi hawakupata nafasi ya pili.

Yeye aliipata. Mwaka 1979, kwa ufadhili wa Wakfu wa Alexander von Humboldt, alikwenda Aachen, mji wa Ujerumani Magharibi ulio karibu na mipaka ya Ubelgiji na Uholanzi, wenye chuo cha ufundi kinachoheshimika Ulaya nzima. Alikuwa na miaka 39. Mwaka 1981 akapata udaktari wa uhandisi pamoja na Medali ya Borchers, ambayo chuo hicho huwapa waliofanya vizuri mno. China inamhesabu kuwa mwanamke wake wa kwanza mwenye udaktari wa elektroniki.

Nawaomba walimu wenzangu wa kike mtue kidogo kwenye mstari huo. Miaka 39, lugha ngeni, fani ambayo kwa zaidi ya miaka kumi dunia iliendelea nayo bila nchi yako, na kwenye maabara umezungukwa na vijana waliokuacha mbali kwa vifaa. Kwetu mwanamke wa umri huo akisema anataka kurudi kusoma ataulizwa watoto anamwachia nani. Profesa Wei alimaliza kwa muda wa miaka miwili hivi, akafunga mizigo, akarudi Nanjing mwaka huo huo.

Aliporudi hakuendelea kwa kunyoosha kwenye mstari wa zamani. Akaanza kuisogeza elektroniki kuelekea viumbe hai. Chuoni kwake ikajengwa fani ya uhandisi wa tiba, halafu utafiti wa elektroniki ya molekuli, yaani jinsi ishara zinavyoweza kupita katika vitu vidogo kiasi hicho. Mwaka 1992 maabara ya fani hiyo ilipewa jina la Chien-Shiung Wu, mwanafizikia mwanamke aliyehitimu Nanjing mwaka 1934 kabla ya kwenda Marekani, ambako jaribio lake la mwaka 1957 lilipindua imani iliyokuwapo kuhusu ulinganifu katika maumbile. Mwanamke mmoja wa sayansi kuilea maabara yenye jina la mwanamke mwingine aliyesoma kwenye viwanja vile vile, hilo mimi nalihesabu. Wasichana wanaopita mlangoni wanalisoma kila asubuhi.

Mwaka 1986 aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo. Miaka miwili baadaye chuo kikabadilishwa jina na kuitwa Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki, ishara kwamba kile kigawanyo cha Kisovieti kilikuwa kimeanza kuzibwa na fani nyingine zinarudi kukaa pamoja na uhandisi. Mwaka 1993 akaitwa Beijing kuwa mmoja wa manaibu wakuu wa Tume ya Taifa ya Elimu, chombo ambacho mwaka 1998 kiligeuzwa kuwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1994, China ilipoanzisha Akademia yake ya Uhandisi, alikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu wahandisi na serikali ya China, kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani Wei Yu alikuwa kioja. Hakuwa. Miaka ile uhandisi ndio uliokuwa ngazi ya kupandia. Jiang Zemin alisomea umeme, Hu Jintao alisomea mambo ya maji na mabwawa. Mwaka 2002 ilipotangazwa kamati ya kudumu ya Politburo, yaani kilele cha uongozi wa chama tawala, watu tisa waliokuwa wakishika nchi, wote tisa walikuwa na masomo ya uhandisi. Hata Wizara ya Elimu ilipata waziri mhandisi mwaka 2003, Zhou Ji, mtaalamu wa mashine za kukata chuma zinazoongozwa kwa kompyuta, aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu kule Wuhan na kisha meya wa jiji hilo. Alikaa hadi 2009. Katika kipindi chake ada za elimu ya lazima zilifutwa vijijini nchi nzima, kisha mijini. Ni kazi kubwa, na mhandisi alikuwa mtu wake hasa: unajua idadi ya watoto, unajua idadi ya shule, unapiga hesabu ya pesa, unatekeleza kwa awamu.

Lakini jicho hilo la kihandisi likiingia kwenye elimu lina hatari yake, na nadhani China yenyewe imeionja. Mwaka 1998 vyuo vilipokea wanafunzi wapya milioni 1.08. Mwaka 1999, kwa uamuzi mmoja wa serikali, wakawa takriban milioni 1.6. Fikiria mabweni, fikiria wahadhiri, fikiria maabara zinazotakiwa kuwahudumia watu nusu milioni zaidi kwa mwaka mmoja. Namba zilipanda vizuri sana kwenye karatasi. Ubora ukawa unakimbia nyuma unahema. Mhandisi anayependa kujenga atapenda kile kinachohesabika, na mtoto anajifunza mambo mengi yasiyohesabika.

Sasa uhandisi una upande mwingine ambao hausemwi sana. Mhandisi mzuri hajengi daraja kubwa kabla ya kujaribu kipande kidogo. Anakipakia uzito, anakipima, anaona kinapopasuka, anarekebisha, anajaribu tena. Haoni aibu kwamba kipande cha kwanza kimepasuka, maana alikitengeneza ili akione kinapasukia wapi. Huo ndio uhandisi ambao Profesa Wei aliupeleka wizarani, na kwangu mimi ndio unaomtofautisha na wengi waliopita kwenye mlango ule ule.

Miaka yake ya mwanzo Beijing alishughulika na mambo ambayo ungetarajia kutoka kwa mtu wa elektroniki. Mwaka 1994 tume ilianzisha CERNET, mtandao wa kuunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, mwaka ule ule ambao China iliungwa kikamilifu na intaneti ya dunia. Ikaja elimu ya masafa kwa njia ya mtandao, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa majaribio katika vyuo vikuu vinne kabla ya kupanuliwa. Vilevile kulikuwa na suala la Wachina waliokwenda kusoma nje: warudi au wasirudi? Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda na kurudi. Msimamo uliotangazwa mwaka 1993 ulikuwa kwamba serikali inaunga mkono kusoma nje, inahimiza kurudi, na kila mtu yuko huru kuja na kuondoka. Napita haraka hapa, maana mambo haya yameandikwa sana na watu wengine, na hayakunifanya nikeshe nikisoma.

Kilichonikesheza ni Ufaransa.

Mwaka 1996 mwanafizikia Georges Charpak, pamoja na wenzake Pierre Léna na Yves Quéré, alianzisha mpango wa kufundisha sayansi shule za msingi kwa vitendo, uitwao La main à la pâte. Charpak hakuwa mtu mdogo. Alinusurika kambi ya Dachau wakati wa vita, akaenda kufanya kazi CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe ndogo, na mwaka 1992 akapata Nobel kwa kubuni vifaa vya elektroniki vya kunasa njia za chembe ndogo kuliko atomu. Alikuwa amemtembelea mwenzake wa Nobel, Leon Lederman, kule Chicago, akaona jinsi watoto wa mitaa maskini wanavyofundishwa sayansi kwa kushika vitu. Akarudi Ufaransa akasema nchi yake nayo inalihitaji jambo hilo. Nadhani ndiyo maana yeye na Profesa Wei walielewana: wote wawili waliishi kwa kutengeneza vifaa vinavyofanya kisichoonekana kionekane.

Mwaka 2001 Wei Yu, kwa ushirikiano wa wizara na jumuiya ya taifa ya sayansi na teknolojia, alizindua mpango wa China uliofuata mfano huo wa Ufaransa, ambao jina lake maana yake ni kujifunza kwa kutenda. Hakuuanzisha nchi nzima. Ulianza kwa majaribio Beijing, Shanghai, Nanjing na Shantou. Shule chache, walimu wachache, watoto wa chekechea na wa msingi. Kwa nchi iliyokuwa na shule za msingi zipatazo 490,000 wakati huo, hicho ni kipande kidogo cha kupakia uzito na kutazama.

Utaratibu wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Mwalimu analeta swali linalotokana na kitu kinachoonekana. Watoto wanakisia jibu na kuliandika au kulichora kwenye daftari lao kabla ya kugusa chochote. Halafu wanajaribu kwa makundi. Wanaandika walichokiona, hata kama kinapingana na walichokisia. Wanajadiliana, kundi kwa kundi. Mwisho darasa zima linaafikiana juu ya kile ambacho majaribio yamewaonyesha. Katika misingi ya mpango wa China, wa kuanzia ni kwamba unamlenga kila mtoto, na tofauti za watoto zinaheshimiwa. Siyo wale wa mashindano, siyo wale wa shule maalumu.

Maneno hayo yanasomeka kirahisi. Kuyafanya ni kitu kingine, na nitaeleza kwa kutumia somo moja ambalo liko kwenye karibu kila mpango wa aina hii duniani, nami nimelifundisha.

Unawapa watoto jiwe moja la tochi, glopu ndogo ya tochi, na kipande cha waya kilichochunwa ncha zote mbili. Swali: utaiwashaje? Kwanza wachore. Na hapa karibu darasa zima linachora kitu kile kile: waya unatoka kwenye jiwe, unakwenda kwenye kitako cha glopu, basi. Wanafikiri umeme ni kama maji ya bomba, yanatoka huku yanafika kule. Wanajaribu. Haiwaki. Wanageuza jiwe. Haiwaki. Wanasema jiwe limekwisha. Hapa mwalimu unawashwa mdomo kweli kweli, maana jibu unalo na kengele inakaribia. Unanyamaza.

Darasani kwangu, binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa hanyooshi mkono, aliisimamisha glopu moja kwa moja juu ya kichwa cha jiwe, halafu akawa anauburuza waya kutoka upande wa chini wa jiwe kuzunguka ubavu wa glopu. Waya ulipogusa ile sehemu ya chuma yenye mizunguko, ikawaka. Akashtuka akaiachia, ikazima. Akairudia taratibu ili aone ni wapi hasa. Wenzake walikuja kujazana, na mmoja akasema kwa sauti ya kulalamika, "Mwalimu, lakini amegusa pembeni, hakugusa chini!" Kumbe ndilo swali lenyewe. Kwa nini pembeni? Ndani ya glopu kuna nini? Wakaitazama kwenye mwanga wa dirisha, wakaona nyaya mbili nyembamba zikipanda, moja ikitoka kwenye ncha ya chini na nyingine ubavuni, zikishikana juu kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kutoka hapo hakuna mtoto aliyechora tena mstari mmoja. Walichora mzunguko, na mzunguko huo hakuna aliyewapa.

Mimi sekondari nilisoma kwenye shule isiyo na maabara, na tulifanya ule mtihani mbadala wa vitendo, wa kusoma kwenye karatasi majaribio ambayo mtu mwingine amefanya. Nilifaulu. Nilijua kanuni ya mzunguko wa umeme kwa moyo, na sikuwa nimewahi kuwasha glopu kwa mkono wangu. Kwa hiyo ninapomtetea Profesa Wei natetea kitu ambacho nilikikosa.

Kuna jambo ambalo Wachina waliliongezea nguvu katika mpango huu, na naona ndilo alama ya Wei Yu mwenyewe: hisia. Pamoja na sayansi, mpango wa China uliweka mkazo kwenye uwezo wa mtoto kuishi na wenzake na kuzitawala hisia zake: kusubiri zamu, kukubali kwamba umekosea mbele ya kundi, kumsikiliza mtu unayempinga. Haikuwa pambo. Aliamini, na akafuatilia kwa utafiti, kwamba ubongo wa mtoto haujifunzi ukiwa na hofu, na kwamba miaka ya mwanzo ndiyo inayojenga nyaya za kichwani zitakazotumika maisha yote. Mwaka 2002, alipofika miaka 62 na utumishi wake wizarani ukifikia mwisho, alianzisha pale Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki kituo cha utafiti wa sayansi ya kujifunza, kinachounganisha elimu, saikolojia na tafiti za ubongo. Ukiirudia safari yake yote, kumbe hakuiacha elektroniki. Alianza na ishara zinazopita kwenye vifaa, akaenda kwenye ishara zinazopita kwenye molekuli, akaishia kwenye ishara zinazopita kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitano.

Je, alifaulu? Naomba tusijidanganye. Mtihani wa kuingia chuo kikuu wa China, ule unaofanyika kila Juni, bado ndio unaoamua maisha ya kijana, na mzazi anayeufikiria tangu mtoto akiwa darasa la kwanza hana subira na daftari la michoro ya glopu. Madarasa mengi yamejaa. Shule nyingi, hasa vijijini, somo la sayansi lilifundishwa na mwalimu wa lugha au wa hesabu aliyepewa vipindi hivyo kama nyongeza, na kipindi chenyewe ndicho cha kwanza kuporwa mitihani inapokaribia. Mwalimu yeyote wa Tanzania, Kenya au Uganda anayesoma hapa anatikisa kichwa. Mpango wa majaribio katika miji mikubwa ni kitu kimoja; kijiji cha milimani Guizhou ni kitu kingine. Naibu waziri ana sauti, lakini hana mkono wa kuung'oa mtihani ambao familia milioni kadhaa zimeuwekea matumaini yao yote.

Hata hivyo maji hayakubaki pale pale. Mageuzi ya mitaala ya 2001 yaliligeuza somo la zamani la maumbile kuwa somo la sayansi, likianza darasa la tatu. Kwa mtu aliyeamini kwamba miaka ya mwanzo ndiyo muhimu, kuanza darasa la tatu ni kuchelewa, na Profesa Wei hakuacha kulisema hilo. Mwongozo mpya wa somo uliotolewa mwaka 2017 ulilirudisha hadi darasa la kwanza, nchi nzima, kuanzia muhula wa Septemba mwaka huo. Wengi waliusukuma uamuzi huo, si yeye pekee. Lakini miaka kumi na sita ya kusema jambo lile lile, nyingi katika hiyo akiwa hana tena ofisi ya wizara, ni uvumilivu ambao maofisa wachache wanao. Wengi wakistaafu mradi wao unastaafu nao.

Nafika kwenye sehemu iliyonigusa kuliko zote, ambayo inatuhusu sisi moja kwa moja.

Oktoba 2009 wataalamu kumi kutoka nchi mbalimbali walikutana kando ya ziwa Loch Lomond, Scotland, wakiitwa na mwalimu wa walimu Wynne Harlen. Swali lao: mtoto anayemaliza shule aondoke na mawazo gani makubwa ya sayansi, badala ya rundo la vipande vya kukariri? Walitoka na mawazo kumi na manne, kumi ya sayansi yenyewe na manne kuhusu jinsi sayansi inavyofanya kazi. Wei Yu alikuwa mezani, na ndiye baadaye aliyeitafsiri ripoti hiyo kwa Kichina. Pierre Léna wa mpango wa Ufaransa alikuwa mezani. Na alikuwapo pia Hubert Dyasi, Mwafrika, ambaye kabla ya kwenda kufundisha New York alikuwa amefanya kazi katika programu za sayansi kwa shule za msingi za Afrika.

Programu hizo vijana wetu hawazijui. Mwaka 1965, katika mkutano wa Kano, Nigeria, ilianzishwa Programu ya Sayansi ya Shule za Msingi Afrika, kwa nchi kadhaa zilizotoka tu kupata uhuru, Kenya ikiwamo, na Afrika Mashariki ilihusika tangu mapema. Walimu wetu na wataalamu wa kigeni walikaa pamoja kutunga masomo kwa kutumia vilivyopo: mbegu, udongo, vijiti, chupa, wadudu. Moja ya masomo lilimhusu yule mdudu anayechimba kishimo kwenye mchanga mkavu chini ya uvungu wa nyumba, akajificha chini akingoja sisimizi ateleze. Kila mtoto wa kwetu amewahi kumchokoza kwa kijiti. Programu ile ilimfanya somo: anatembea kinyumenyume au kimbelembele? Ukimhamishia kwenye udongo wenye unyevu anachimba? Akikosa chakula anahama baada ya siku ngapi? Hakuna kitabu kitakachompa mtoto majibu hayo upesi kuliko mdudu mwenyewe. Mtafiti Eleanor Duckworth alikwenda Kenya kuwapima watoto waliosoma hivyo, na alichowapima ni kama wakipewa vitu vigeni wanavijia mawazo mengi na ya kina ya kuvichunguza. Watoto wa programu walifanya vizuri zaidi ya wenzao.

Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka ishirini na mitano kabla ya Charpak, na zaidi ya thelathini kabla ya uzinduzi wa Wei Yu. Sisi tuliwahi kufika. Fedha za wafadhili zikakauka, miaka ya 1980 ikaja na ugumu wake, shule zikajaa, vitabu vikaadimika, na ualimu ukarudi kwenye ubao na chaki. Hatukuwa na mtu ndani ya wizara, mwenye cheo na mwenye taaluma, wa kushikilia kamba pesa zinapoondoka. China ilikuwa na mtu huyo. Simsemi vibaya mtu yeyote wa kwetu. Nasema tu kwamba mpango wa namna hii haufi kwa kukosa vifaa, maana vifaa vyake ni mawe ya tochi na mchanga. Unakufa kwa kukosa mtu wa kuutetea kwenye kikao cha bajeti mwaka wa tano, mwaka wa kumi, mwaka wa kumi na sita.

Tanzania ina kitu kimoja ambacho Wei Yu angekipenda: shule zetu za msingi za serikali, karibu zote, zinafundisha kwa Kiswahili. Yule mtoto aliyelalamika kwamba mwenzake amegusa pembeni alilalamika kwa lugha anayoota nayo. Ubishi wa kisayansi unahitaji hivyo. Mtoto akitakiwa kwanza atafute neno la kigeni ndipo abishe, atanyamaza, na darasa la kutenda likinyamaza limekwisha. Na mitaala mipya, kwetu na kwa jirani zetu Kenya, inazungumzia umahiri na vitendo kila ukurasa. Karatasi ipo tayari.

Ninachotaka kuona ni vitini vile vya miaka ya 1960 na 1970 vikitafutwa kwenye makabati ya vyuo vya ualimu na kwenye nyumba za walimu wastaafu, vitafsiriwe kwa Kiswahili, vijaribiwe kwanza katika wilaya mbili tatu, si nchi nzima, na matokeo yaandikwe hata pale yatakapokuwa mabaya. Walimu waliofundisha kwa vitini hivyo wakiwa vijana sasa ni wazee wetu wa miaka sabini na themanini. Baadhi bado wana nguvu ya kusimama mbele ya darasa la chuo na kuonyesha jinsi somo la yule mdudu lilivyokuwa likianza. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje, inahitaji idara moja yenye gari na mtu mmoja wa kuisimamia asiyehamishwa kila baada ya miaka miwili.